Kinyume cha Kukimbia

Katika madaftari ya Kiswahili ya shule zetu kuna zoezi la siku nyingi ambalo halijawachosha walimu: mwanafunzi hupewa neno, naye hutakiwa kuandika kinyume chake. Juu, chini, cheka, lia, tajiri, maskini. Zoezi huenda kwa wepesi mpaka lifikapo neno "kimbia". Hapo darasa hugawanyika. Mmoja huandika "tembea", mwingine "simama", wa tatu "fukuza", na mwalimu mwenyewe hukuna kichwa, kwa kuwa kila jibu lina haki yake na hakuna lililotosheleza.

Si kwamba lugha yetu ni maskini katika jambo hili. Upande wa kukimbia imejaa tele: kutoroka, kukwepa, kuhepa, kuponyoka, kuchopoka, kutokomea, kuingia mitini, na asiyeinua hata mguu aweza kulikwepa swali kwa ulimi tu. Wala wahenga hawakumdharau sana mwenye kukimbia. Walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio; nadhani walijua ya kuwa mji wa mashujaa watupu ungalikuwa mji wa wajane.

Upande wa pili maneno ni machache, lakini mizizi yake ni mirefu. La kwanza ni kukabili. Limetujia kutoka Kiarabu, na nduguze tunaishi nao kila siku: kibla, yaani upande ambao Mwislamu huuelekea katika sala; mkabala, yaani hali ya kuelekeana; kabla, lile lililotangulia mbele ya jingine; na hata kukubali, ambako asili yake ni kukipokea kitu kinachokujia. Ukoo wote huu una habari za uso, hauna habari za miguu. Kiswahili kiliafikiana nao bila taabu, kwani nacho humsema mwenye kuwaacha wenzake kwamba amewapa kisogo, na wasioogopana kwamba wamekutana ana kwa ana. Kuthubutu nako, ambako siku hizi twadhani ni kuirukia hatari, ni ndugu wa thabiti na ithibati: asili yake ni kutotikisika. Na kukiri, kwa Kiarabu, kumo katika ukoo wa maneno ya kutulia na kukaa mahali. Anayekiri ni yule aliyeacha kuhamahama na maneno.

Basi tuyapime maneno haya kwa watu. Fumo Liyongo tunamjua sote, na kisa chake kilitungwa kuwa utenzi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Yafaa msomaji aangalie kwamba shujaa huyu alikuwa mtoro. Alifungwa gerezani, akaletewa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, akakata pingu zake huku ngoma ikivuma nje, akatoka. Hakuna aliyemwita mwoga kwa ajili hiyo. Tena, alipokwisha kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, alichukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na kutia mshale, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji walikosa maji kwa siku kadhaa, kwa kuwa uso ule ulikuwa ukiwaelekea.

Kisa cha Liyongo ni cha masimulizi. Cha Mtwa Mkwawa wa Uhehe kina tarehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, majeshi yake yaliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye Zelewski akauawa. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa akatoka. Kwa muda wa karibu miaka minne alihama msitu hadi msitu, akifichwa na kulishwa na watu wake, ilhali kichwa chake kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona amefikiwa, alijipiga risasi mwenyewe. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa, na fuvu likarejeshwa mwaka 1954; limewekwa Kalenga.

Je, katika miaka ile minne Mkwawa alikuwa akikimbia? Waliomfuatia walisema hivyo. Mimi nasema mwanafunzi akilijibu swali hili kwa kutazama miguu tu, atakosea. Mtu aliyekuwa akikimbia vita angaliweza kuvimaliza siku yoyote kwa kujisalimisha. Mkwawa aliiacha ngome, hakuiacha vita.

Mfano wa mwisho ni wa karibu zaidi, nao hauna mkuki wala bunduki. Mwaka 1976 watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa, na baadhi yao wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakutesa mtu, wala hakuamuru ateswe. Lakini wizara ilikuwa yake, akajiuzulu. Kujiuzulu, tukilifungua neno, ni mtu kujivua mwenyewe madaraka kama vile avuliwavyo na mkuu wake. Kwa macho ni kuondoka, kwa maana ni kubaki pale pale na kusema, "Jambo hili ni langu."

Tangu hapo tendo lile limekuwa mfano unaotajwa kila waziri anapotakiwa "awajibike", na wengi sasa wanadhani kuwajibika ni kuacha kazi. Sikubaliani nao. Kuwajibika kumetokana na wajibu, na yuko kiongozi aachaye kazi ili asiulizwe lolote; huyo ametoroka kwa barua. Mwinyi alipelekwa kuwa balozi nchini Misri, akarudi, na mwaka 1985 wananchi waliitwa kupiga kura, jina lake likiwa kwenye karatasi ya Urais.