Argeliers 1907: watu 87 waliotoka kijijini kwa miguu

Leo ninawapeleka Argeliers, kijiji kidogo cha kusini mwa Ufaransa, karibu na Narbonne. Kule watu walikuwa wanaishi sana kwa mizabibu.

Sisi wa agronomia tulisoma habari ya filoksera, kale kadudu kadogo kanakula mizizi. Tangu miaka ya 1860 kaliharibu mizabibu ya Ufaransa, na dawa ilipatikana: kuunganisha mizabibu yao juu ya mizizi ya ile ya Amerika, yenye kuvumilia. Profesa anafungia somo pale. Lakini kwa mukulima, shida ya pili njo ilikuwa inaanza.

Mashamba yalirudia kuzaa, na kuzaa sana. Divai ya Algeria nayo ilikuwa inaingia kwa meli. Mubaya zaidi, wafanyabiashara walikuwa wanatengeneza divai kwa sukari na maji, mashamba wakiyaona mbali. Bei ikaanguka. Mutu alikuwa na pipa zimejaa, lakini deni la duka halilipiki.

Pale Argeliers kulikuwa Marcelin Albert, mukulima mwenye kantini ndogo. Tarehe 11 Machi 1907, yeye na wenzake, jumla watu 87, walitembea mpaka Narbonne kuona tume ya wabunge iliyokuja kuchunguza shida ya divai. Walisema yao, wakarudi nyumbani. Watu 87 tu! Lakini kila siku ya Mungu mukutano ulizidi kuwa mukubwa: Narbonne, Béziers, Perpignan, Carcassonne, Nîmes. Tarehe 9 Juni, kule Montpellier, walihesabiwa kuwa zaidi ya nusu milioni.

Serikali ya Clemenceau ilituma jeshi. Kule Narbonne askari walipiga risasi, raia wakakufa. Halafu askari wa rejima ya 17, wengi wao watoto wa wakulima wa palepale, waliasi, wakaenda Béziers na silaha zao. Baadaye walitumwa Gafsa, Tunisia.

Na Albert? Alienda Paris kwa siri kuona Clemenceau. Huyu alimupa franka 100 za tiketi ya treni, kisha akawaambia waandishi wa magazeti. Wenzake wakamuona kama mutu aliyenunuliwa. Alikufa maskini katika mwaka 1921. Mutu aliyefuatwa na umati, franka 100 zilimumaliza.

Lakini kazi yao haikupotea. Sheria ya tarehe 29 Juni 1907 ililazimisha kila mukulima kutangaza mavuno yake, na ikaweka kodi ya ziada juu ya sukari ya kutengenezea divai. Hivi, mwenye kuuza divai nyingi kuliko aliyovuna angejulikana.

Njo maana ninaandika. Tunapenda kumufundisha mukulima mbegu, nafasi kati ya mimea, dawa. Ni vizuri. Lakini wa Argeliers walikuwa wanajua kulima kutushinda, na njaa iliwakuta na pipa zimejaa. Kilichowakosa ni bei ya haki na mutu wa kukamata mudanganyifu. Siku utatoka kwenda kwa wakulima, mbele ya kuuliza wanavuna kilo ngapi, uliza kwanza: munauzisha kwa nani, na ni nani anapanga bei?