Kusalimia

Kuna enzi ambapo kusalimiwa kulikuwa fahari. Wasikilizaji wa redio ya taifa ya Kenya walijaza kadi za salamu, jina baada ya jina, na aliyeko Molo au Njoro akatega sikio akingoja lake. Watu wasiowahi kuonana wakawa marafiki kwa kutajana tu.

Juni 2024 neno hilo likaonekana kubadilika. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha walisambaza nambari za simu za wabunge mtandaoni, wakaambiana: msalimie. Simu zikaita usiku na mchana, jumbe zikamiminika. Nakuru nayo ikaandamana. Bunge liliupitisha mswada tarehe 25; siku ya pili Rais akakataa kuutia saini.

Wapo wanaosema vijana wameliharibu neno zuri. Sikubaliani nao hata kidogo. Salamu ilitoka Kiarabu pamoja na salama, lakini kwetu haijawahi kuwa maneno ya upole peke yake. Aliyeshindwa vitani husalimu amri. Na anayekusalimu anakudai: mzee wa Kikalenjini akikuambia "Chamgei" stendini, kupita kimya ni kumtukana, hata kama hamjuani. Mtoto hufunzwa hilo kabla hajajua kuhesabu.

Vijana hawakubuni maana mpya, basi. Walilichukua deni la jibu, ambalo sote tumelelewa nalo, wakalipeleka kwa watu waliokuwa wamezoea kutoitikia.