Ugonjwa Sugu wa Figo na Nafasi ya Antioksidanti: Ufafanuzi kwa Wananchi

Katika masoko mengi nchini, unga wa mlonge, vidonge vya vitamini na vinywaji vya mitishamba hunadiwa kuwa vinasafisha figo kwa sababu vina antioksidanti. Kwa mwananchi wa Ifakara aliyeambiwa hospitalini kuwa figo zake zimeanza kudhoofika, ahadi hiyo huvutia. Makala haya yanafafanua antioksidanti ni nini, zina uhusiano gani na ugonjwa sugu wa figo, na ni hatua zipi zimethibitika kuukinga mwili.

Figo za mtu mzima hupokea takribani moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo na huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kwa siku, ambazo karibu zote hurejeshwa mwilini. Kazi hiyo huhitaji nishati nyingi, na nishati hupatikana kwa kutumia oksijeni. Katika kuitumia, seli huzalisha pia kemikali kali zinazoweza kuharibu mafuta, protini na vinasaba vyake. Antioksidanti ndizo huzituliza kemikali hizo. Baadhi hutengenezwa na mwili wenyewe, kama glutathioni, na nyingine hutoka katika chakula, kama vitamini C na E. Kemikali kali zinapozidi uwezo wa kinga hiyo, hali hiyo huitwa msongo wa oksidisho.

Ugonjwa wa figo huitwa sugu pale dalili za uharibifu, kama protini katika mkojo, au upungufu wa uwezo wa kuchuja damu zinapodumu kwa miezi mitatu au zaidi. Kisukari na shinikizo la juu la damu ni miongoni mwa visababishi vyake vikuu, na vyote viwili huongeza msongo wa oksidisho. Aidha, figo zinapodhoofika, taka hubaki katika damu na kuongeza msongo huo, nao huzidi kuziachia figo makovu.

Kutokana na maelezo hayo, ingetarajiwa kuwa kumeza antioksidanti kungetibu ugonjwa. Matokeo ya utafiti hayajathibitisha hivyo. Mwaka 2000, utafiti mdogo nchini Israel uliohusisha wagonjwa 196 wanaosafishwa damu ulionesha kuwa vitamini E ilipunguza matatizo ya moyo. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka huohuo, wenye washiriki zaidi ya 9,500 wakiwamo wenye figo dhaifu, haukuona faida hiyo. Mwaka 2012, majaribio ya dawa ya bardoxolone, iliyobuniwa kuamsha kinga ya mwili dhidi ya msongo wa oksidisho, yalisitishwa baada ya wagonjwa wengi zaidi waliopewa dawa hiyo kupata moyo kushindwa kufanya kazi.

Njia iliyothibitika ni kudhibiti chanzo. Enalapril na losartan, dawa zinazotumika pia kushusha shinikizo la damu, huzuia kazi ya angiotensini II, homoni ambayo ni kichocheo kimojawapo cha msongo wa oksidisho ndani ya figo. Kwa hiyo, mgonjwa anayeacha dawa hizo ili atumie virutubisho huiacha kinga yenye ushahidi.

Katika Bonde la Kilombero yapo mambo mengine ya kuzingatia. Wakulima wa mpunga na wakata miwa hufanya kazi nzito juani. Kukosa maji ya kutosha huku wakitumia diklofenaki au ibuprofeni kutuliza maumivu huweza kudhuru figo. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaotumia tenofovir wanapaswa kupimwa figo kadiri wanavyoelekezwa kliniki, bila kujiachisha dawa.

Kuhusu chakula, matunda na mboga za majani ni chanzo kizuri cha antioksidanti kwa watu wengi. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika sana, ndizi, machungwa na matembele huweza kuongeza potasiamu katika damu hadi kuathiri mapigo ya moyo. Kiasi kipangwe pamoja na mtaalamu wa lishe. Vitamini C kwa dozi kubwa huzalisha oksaleti, inayoweza kuganda ndani ya figo.

Ugonjwa huu hauoneshi dalili mapema. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulibaini kuwa asilimia 7 ya watu wazima waliopimwa walikuwa nao, na wengi wao hawakujua. Ingawa upandikizaji wa figo ulianza nchini mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, kugundua tatizo mapema hubaki kuwa nafuu zaidi kwa mgonjwa na familia yake.

Wananchi wenye kisukari, shinikizo la juu la damu, virusi vya UKIMWI au ndugu mwenye ugonjwa wa figo wanashauriwa kuomba kipimo cha kreatinini katika damu na cha protini katika mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Anayetumia mitishamba au virutubisho amweleze daktari wake bila kuficha, na ikiwezekana aende na chupa au pakiti yake, ili ushauri atakaopewa uzingatie kila anachokitumia.