Nani Alichagua Sare Hii?

Ndugu msikilizaji, sare ni neno dogo lakini limebeba mambo mazito. Harusini akina mama wakitokea na kanga ya namna moja, hatuhitaji kuambiwa kwamba hao ni kundi moja. Leo naomba tujiulize swali ambalo mara nyingi tunalipita: sare hiyo ilichaguliwa na nani, na fedha zilitoka mfukoni mwa nani?

Swali hili limenijia kwa barua ya kijana mmoja wa Mkula, kule chini ya milima ya Udzungwa. Yeye na wenzake saba wanajiandaa kushindana kwa mitumbwi katika mto Kilombero, na wanataka fulana za timu. Nusu yao wanataka nyekundu, nusu wanataka bluu. Wakiwa bado wanabishana, ametokea tajiri mmoja aliyejitolea kuwanunulia zote, mradi picha yake ikae kifuani. Kijana anauliza, "Mzee, tuchukue au tuache?"

Kabla sijamjibu, naomba tupite baharini kwanza, maana mavazi ya watu wa vyombo yana historia ndefu.

Katika jeshi la majini la Uingereza, maofisa walipewa sare mwaka 1748. Baharia wa kawaida alikaa zaidi ya miaka 100 bila sare rasmi, hadi mwaka 1857. Nguo alizinunua katika ghala la meli na bei ikakatwa kwenye mshahara wake. Lakini nahodha alikuwa na mashua yake ndogo ya kumpeleka pwani, na wapiga makasia wa mashua hiyo aliweza kuwavalisha apendavyo. Inaelezwa kwamba mwaka 1853 nahodha wa meli iliyoitwa Harlequin, jina la mchekeshaji wa jukwaani, aliwavalisha watu wake mavazi ya kichekesho kama ya mchekeshaji huyo. Hebu wafikirie watu wazima wale, wenye mikono iliyosuguliwa na kamba, wakivuta makasia huku bandari nzima ikiwatazama. Aliyechagua ni nahodha. Aliyechekwa ni baharia.

Katika nchi hiyo hiyo kulikuwa na namna nyingine. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilianza kushindana kwa mashua mwaka 1829. Mwaka 1836, kabla ya mashindano yao ya pili, upande wa Cambridge ulinunua utepe wa rangi ya bluu iliyopauka, ukafungwa mbele ya mashua yao. Ulikuwa utepe tu, wala hakuna mkubwa aliyeuamuru, lakini rangi ile ndiyo rangi yao mpaka leo.

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ya 1870 manowari ya Waingereza iliyoitwa London iliwekwa Zanzibar, na boti zake zikawa zikizunguka kusaka majahazi yaliyobeba watumwa. Watu wa pwani waliwaona mabaharia hao kwa karibu, mavazi yao na gwaride lao. Si ajabu basi kwamba ngoma ya beni, iliyozuka katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa mnamo miaka ya 1890, ilikuja na tarumbeta, gwaride, vyeo na sare. Baadaye, huku Tanganyika, vyama viwili vya beni vilivuma kuliko vyote. Kimoja kiliitwa Arinoti. Cha pili kiliitwa Marini, yaani wanamaji.

Wapo wanaosema kwamba ule ulikuwa uigaji mtupu wa mzungu. Mimi sikubaliani nao. Baharia wa Harlequin alivalishwa; mwana-beni alijivalisha. Wanachama walichanga fedha zao na kuchaguana nani awe kingi na nani awe jenerali, na umoja huo huo ulimsaidia mgonjwa na kumzika aliyefariki. Vita Kuu ya Kwanza, iliyofika hata Mahenge mwaka 1917, ilitawanya askari na wapagazi kila upande, na beni ikaenea bara pamoja nao. Serikali ya kikoloni ikaingiwa na wasiwasi. Kwa nini itie shaka watu wanaocheza ngoma? Nadhani ni kwa sababu iliona watu waliojipanga mstari mmoja, wenye vazi moja, bila ya kuamriwa na yeyote.

Hali kadhalika katika soka. Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, ilitumia jina la Sunderland, klabu ya Uingereza, hadi mwaka 1971. Jina la ugenini likaachwa, lakini nyekundu na nyeupe zikabaki, kwa kuwa zilikwisha kuwa mali ya wenyewe.

Lakini tunaijua pia sare ya namna nyingine, ile ya msimu wa kampeni. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo, na moja ya hoja ilikuwa kwamba vilimpendelea mgombea mwenye fedha dhidi ya asiye nazo. Fulana ya bure ina bei yake, ila bei hiyo haiandikwi dukani. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kwa vijana wa Mkula, basi, ushauri wangu ni huu. Fedha ya kwanza inunue jaketi okozi, si fulana. Kilombero ina viboko na mamba, na Januari 2016, kabla daraja halijakamilika, kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka katika mto huo huo. Jaketi likivaliwa litafunika kifua, kwa hiyo ile picha ya tajiri haitaonekana hata hivyo! Pili, msishone fulana nzito za pamba, maana pamba ikilowa huwa mzigo. Chukueni jezi nyepesi inayokauka upesi. Tatu, ugomvi wa rangi uamuliwe na mto wenyewe: katikati ya maji ya tope na matete, nyekundu huonekana mbali kuliko bluu, na anayeonekana ni rahisi kumwokoa.

Na tajiri je? Asifukuzwe. Akitaka kutangaza biashara yake, muandikiane mkataba: jina la duka lake, kwa muda maalumu, kwa kiasi kinachojulikana, kama zifanyavyo klabu kubwa. Lakini kila mpiga kafi achangie japo kidogo, na rangi muichague ninyi.

Manahodha wengi chombo huenda mrama, ni kweli. Hata hivyo chombo ambacho nahodha wake amebaki nchi kavu, akiwa ameshika mfuko wa fedha, hicho nacho hakifiki.