Kabla Ushee Hiyo Picha ya Maji ya Waridi

Wasee, najua mmeiona hiyo picha: maji ya waridi, flamingo kadhaa, mlima mweupe wa chumvi, na kwa mbali ukuta wa mawe. Mji huo unaitwa Aigues-Mortes, kusini mwa Ufaransa, na jina lake maana yake ni "maji mafu". Hiyo rangi inatokana na mwani mdogo sana unaopenda chumvi. Iko poa. Lakini kuna stori haionekani kwa picha.

Karne ya 13, mfalme Louis wa Tisa alitaka kwenda vita vya msalaba na hakuwa na bandari yake mwenyewe kwenye Mediterania. Marseille haikuwa mikononi mwake. Akapata kipande cha kinamasi kutoka kwa watawa, akajenga mji. 1248 akang'oa nanga hapo. 1270 akaondoka tena, akafia Tunis.

Shida ni kwamba hata wakati huo mji haukuwa ufukweni kabisa. Meli zilitegemea mifereji iliyopita kwenye mabwawa ya maji ya chumvi, na mifereji ikazidi kuzibwa na mchanga na tope. Halafu 1481 Provence ikaingia Ufaransa, na Marseille ndani yake. Sasa mfalme ana bandari kubwa, kwani ataendelea kuchimba tope ya nini? Biashara ikahama. Chumvi ikabaki.

Na chumvi inataka mikono. Agosti 1893 kampuni ya chumvi iliwaweka Wafaransa na Waitaliano kazi moja, malipo kulingana na kiasi unachotoa. Mwenzako akiwa mpole, wote mnakula hasara. Jua kali, pesa kidogo, matusi. Tarehe 16 wakapigana. Uvumi ukakimbia mpaka mjini: ati Waitaliano wameua Wafaransa. Ilikuwa uongo, lakini nani aliuliza? Kesho yake umati ukatoka na bunduki na marungu, ukawawinda Waitaliano. Hesabu rasmi ni 8 waliouawa. Magazeti ya nje yaliandika idadi kubwa zaidi.

Desemba kesi ikasikizwa Angoulême. Washtakiwa wote wakaachiliwa. Wote.

Mimi hapo ndio hukwama. Wale walioshika marungu pia walikuwa maskini wakitafuta kibarua. Mfumo wa malipo uliowagonganisha hawakuupanga wao, na kampuni haikusimama kizimbani. Hasira ikamwangukia aliyekuwa karibu, mwenye lugha tofauti.

Na hawakuwa na simu. Uvumi ulitembea kwa mdomo tu na ukatosha kuua. Sisi tuna magrupu ya watu mia mbili, na kila siku mtu anaforwadi kitu kuhusu "hawa wageni wanaotuchukulia kazi". Kabla ubonyeze, uliza nani ameona, na nani anapanga mshahara.

Picha ushee tu. Lakini weka na hao watu 8.