Asiyefungua Ukurasa Hahesabiwi: Historia Fupi ya Simu Zetu za Zamani na Tovuti Mpya



Wengi wetu tulivuka Petite Barrière mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma. Wengine walikuwa wameshavuka mara moja kabla, Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika moto. Kila mara unabeba kidogo: mtoto, godoro, makaratasi, simu. Na simu yenyewe si ya jana. Ni ile aliyokuachia mjomba, kioo kimepasuka, betri imefungwa na raba.

Siku moja tulikaa sita kivulini hapa Gisenyi tukijaza fomu ya kuomba nafasi ya masomo. Ilikuwa siku ya mwisho. Kwa watano, fomu ilifunguka. Kwa mwenzetu wa sita, mwenye Android 5, ukurasa ulibaki mweupe. Akanunua mega nyingine, akidhani zimeisha. Mweupe vilevile. Sisi tukamwambia asubiri, ni mtandao tu. Usiku tulipokuja kumwazima simu, fomu ilikuwa imeshafungwa.

Tangu siku hiyo tunajiuliza: nani aliamua kwamba simu yake ni ya zamani mno? Tumetafuta, na tumekuta kwamba swali hili lina historia.

Wakati wa satelaiti

Kabla ya mwaka 2009, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilitegemea sana satelaiti kupata intaneti. Ilikuwa ghali na ya pole. Waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na sisi tusio na bahari tulingoja zaidi waya ufike hadi kwetu.

Katika miaka hiyo simu nyingi zilikuwa za vitufe. Kilichotusaidia ni kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kinachoitwa Opera Mini. Kampuni ya Opera ya Norwe ilikitoa kwa dunia nzima Januari 2006. Ujanja wake ni huu: ukurasa haukuja moja kwa moja kwenye simu. Ulipita kwanza kwenye kompyuta za Opera, ukapunguzwa uzito, mara nyingine hadi asilimia 90, ndipo ukatumwa. Simu ndogo ikasoma tovuti kubwa. Lakini fomu nyingi za kisasa hutaka programu ziendeshwe ndani ya simu yenyewe, na hapo Opera Mini hukwama.

Ukurasa mwepesi uliofanya hesabu ipande

Kuna kisa kimoja kila mtengeneza tovuti angepaswa kukijua. Aliyekuwa mhandisi wa YouTube, Chris Zacharias, alikisimulia mwaka 2012, akieleza kazi aliyoifanya kama miaka mitatu nyuma. Ukurasa wa kutazama video ulikuwa umefika megabaiti 1.2. Yeye akajipa kazi ya kuushusha chini ya kilobaiti 100, akafika 98. Wakaujaribu kwa sehemu ya watumiaji.

Walitarajia muda wa wastani wa kufungua ushuke. Ukapanda! Zacharias alikaribia kukata tamaa, mpaka walipogawa hesabu kwa maeneo. Ndipo wakaona: watu wengi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika Kusini, Afrika, hata Siberia, walikuwa wameanza kutazama. Kwao ukurasa mwepesi ulichukua zaidi ya dakika mbili. Ule mzito ungechukua zaidi ya dakika ishirini, kwa hiyo walikuwa hawajaribu kabisa.

Hebu soma tena hapo. Hesabu za zamani zilikuwa nzuri kwa sababu sisi hatukuwamo. Asiyefungua ukurasa hahesabiwi.

Mzigo wa pande mbili

Tusiwaonee watengenezaji. Kivinjari cha zamani hakielewi maneno mapya ya lugha ya JavaScript. Kikikutana na neno kisilolijua, kinaacha kusoma programu nzima, na wewe unabaki na ukurasa mweupe. Mtengenezaji anaweza kuongeza vipande vya kumtafsiria mzee huyo, lakini vipande hivyo vina uzito, na wakati mwingine hata wenye simu mpya wanavilipia kwa mega zao. Mara nyingi mwenye simu ya zamani na mwenye mega chache ni mtu yuleyule! Ukimsaidia upande mmoja, unaweza kumuumiza upande mwingine.

Machi 2003, huko Austin, Marekani, Steve Champeon alieleza njia ya kutoka: anza chini, panda juu. Kwanza weka maandishi na fomu ya kawaida inayofanya kazi kila mahali. Kisha ongeza mapambo kwa simu zinazoyaweza. Mwaka 2012 watengenezaji wa BBC News walifanya hivyo: ukurasa wao ulikiuliza kivinjari mambo matatu kinachoyaweza. Kikiyaweza, kilipewa ukurasa wenye mambo yote. Kisipoyaweza, kilipewa ule wa msingi, nao ulisomeka. Hakuna aliyeachwa nje, wala mwenye simu ya zamani hakubebeshwa mapambo asiyoyaweza.

Muhuri ambao simu haiujui

Kisa cha mwisho kinafanana na mpaka wetu. Tovuti salama huonyesha cheti, na simu huangalia kama inaujua muhuri wa aliyekitoa. Shirika la Let's Encrypt lilianza mwaka 2015 kutoa vyeti hivyo bure, na tovuti nyingi sana zikavichukua. Lakini muhuri wake lenyewe haukujulikana na simu za Android zilizo chini ya toleo 7.1.1. Kwa hiyo lilidhaminiwa na muhuri wa zamani, ambao ungeisha tarehe 30 Septemba 2021.

Novemba 2020 shirika lilitangaza kwamba asilimia 33.8 ya simu za Android zingeanza kukataa tovuti hizo. Likawashauri wenye simu hizo watumie Firefox, kwa kuwa ina orodha yake ya mihuri. Mwezi uliofuata likapata njia: Android haiangalii tarehe ya mwisho ya muhuri iliokwisha kuuamini. Wakaongezewa udhamini wa miaka mitatu.

Udhamini huo ulikuwa na bei. Kwa kawaida tovuti hizo zilituma vyeti virefu zaidi zilipofunguliwa. Julai 2023 shirika lilitangaza kwamba simu za Android zinazoujua muhuri mpya zimefika asilimia 93.9, na kwamba kuacha ule wa zamani kutapunguza uzito wa vyeti kwa zaidi ya asilimia 40. Mwaka 2024 mlango ukafungwa. Hatusemi walikosea. Walingoja, walihesabu, walitangaza mapema. Lakini sisi tunajua ile asilimia sita iliyobaki inakaa wapi. Mmoja alikuwa amekaa nasi kivulini.

Tunachoomba

Wakubwa mnaotengeneza fomu: kabla hamjaituma, ifungueni kwenye simu ya miaka kumi yenye mega kidogo. Msihesabu waliojaza tu, ulizeni nani hakufungua. Na wekeni njia ya pili, hata namba ya kupiga au karatasi ya kujaza kwa mkono.

Vijana wenzetu: ukurasa ukiwa mweupe, usikimbilie kununua mega. Jaribu kivinjari kingine, au mwazime mwenzako simu palepale, si usiku. Na ukimwona mwenzako anahangaika na skrini nyeupe, usimwambie asubiri kama tulivyofanya sisi.

Mwenzetu anangoja nafasi nyingine itangazwe. Safari hii tumekubaliana: yeye ndiye atakayejaza wa kwanza, kwenye simu yoyote itakayofungua.