Uhamiaji nchini Morisi

Uhamiaji nchini Morisi ni historia ya jinsi kisiwa cha Bahari ya Hindi kisichokuwa na wakazi asilia kilivyopata watu kutoka Ulaya, Afrika, Madagaska, Uhindi na China katika muda wa karne tatu hivi. Nchi nyingi zilizopokea wahamiaji zilikuwa na wenyeji wao; Morisi haikuwa nao. Kila ukoo wa huko ulifika kwa njia ya bahari, mara nyingi bila hiari. Hali ya mtu siku ya kushuka melini, kama alikuwa mwenye shamba, mtumwa, kibarua wa mkataba au mfanyabiashara, bado inaonekana leo katika umiliki wa ardhi, katika katiba na katika yale ambayo familia inaweza kuyajua kuhusu mababu zake.

Kisiwa bila watu

Mabaharia Waarabu walikifahamu kisiwa hiki, na Wareno walipita hapo mwanzoni mwa karne ya 16, lakini hakuna waliohamia. Waholanzi walifika mwaka 1598 wakakiita kwa jina la mtawala wao, Maurits wa Nassau. Walijaribu kukaa mara mbili, miaka 1638-1658 na tena 1664-1710. Walileta watumwa kutoka Madagaska, pamoja na miwa na kulungu kutoka Java. Katika kipindi chao ndege dodo alitoweka kabisa duniani. Hatimaye walishindwa wakaondoka.

Watumwa chini ya Wafaransa

Ufaransa ilikitwaa kisiwa mwaka 1715 na kukiita Kisiwa cha Ufaransa. Gavana Mahé de La Bourdonnais, aliyefika mwaka 1735, aliifanya Port Louis kuwa bandari ya kweli yenye ngome, maghala na hospitali. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi kutoka Pondicherry katika Uhindi ya kusini na hasa na watumwa. Wengi wao walitoka Madagaska na Msumbiji, wengine pwani ya Waswahili.

Kuhusu pwani hiyo upo ushahidi ulio wazi. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mapatano na sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Walikusudiwa kwa mashamba ya visiwa vya Wafaransa, yaani Morisi na jirani yake Réunion. Kwa hiyo sehemu ya mababu wa Wamorisi wa leo walipita Kilwa wakiwa wametekwa bara. Kufikia mwaka 1797 kisiwa kilikuwa na watu 59,000 hivi, na takriban 49,000 kati yao walikuwa watumwa. Mapinduzi ya Kifaransa yalipofuta utumwa mwaka 1794, wenye mashamba walikataa kutii, na mwaka 1796 waliwarudisha walikotoka wajumbe waliotumwa kutekeleza amri hiyo.

Watumwa wengi walitoroka milimani. Mlima wa Le Morne, ulio kusini-magharibi, unakumbukwa kama maficho yao, na mwaka 2008 uliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Waingereza na mwisho wa utumwa

Uingereza iliteka kisiwa mwezi Desemba 1810. Masharti ya kujisalimisha yaliwaruhusu wakazi kuendelea na dini, sheria na desturi zao. Ndiyo sababu Kifaransa na sheria za Kifaransa zimebaki hadi leo ingawa Waingereza walitawala zaidi ya miaka 150. Biashara ya watumwa ilikuwa imekatazwa, lakini iliendelea kwa siri kwa miaka mingi. Ili kuizuia, Waingereza walifanya mikataba na mfalme Radama I wa Madagaska mwaka 1817 na Sayyid Said wa Omani mwaka 1822. Mkataba huo wa pili ulipiga marufuku kuwauza watumwa kwa mataifa ya Kikristo, na hivyo ukagusa moja kwa moja biashara ya Zanzibar na Kilwa.

Utumwa wenyewe ulifutwa tarehe 1 Februari 1835. Wenye watumwa walilipwa fidia iliyozidi pauni milioni 2. Watumwa hawakulipwa chochote, tena walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao kama "wanagenzi" hadi mwaka 1839. Walipoachiliwa, wengi waliyaacha mashamba ya miwa na kwenda kuishi pwani na pembezoni mwa miji kama wavuvi, mafundi na wakulima wadogo. Wachache sana walipata hati ya ardhi.

Vibarua wa mkataba

Wenye mashamba walikuwa wameshaanza kutafuta watu wengine. Tarehe 2 Novemba 1834 meli iliyoitwa Atlas ilifika Port Louis na Wahindi 36 waliotia alama zao kwenye mikataba ya kazi. Serikali ya Uingereza ilitazama kisiwa hiki kama mahali pa kujaribu: je, sukari inaweza kulimwa na watu "huru" badala ya watumwa? Jaribio lilionekana kufaulu, na mfumo huo ulienea hadi Guyana, Trinidad, Natal na Fiji. Reli ya Uganda nayo ilijengwa na vibarua wa mkataba kutoka Uhindi.

Hadi mwanzo wa karne ya 20 karibu watu nusu milioni walikuwa wamepita katika bandari ya Port Louis. Kituo cha kuwapokea, kilichojengwa mwaka 1849, kinaitwa leo Aapravasi Ghat na kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Wengi walitoka Bihar na maeneo jirani wakizungumza Kibhojpuri. Wengine walitoka nchi za Watamil, Watelugu na Wamarathi. Takriban theluthi moja walirudi kwao. Waliobaki walikuwa wengi kiasi kwamba kufikia miaka ya 1870 watu wa asili ya Uhindi walikuwa kama theluthi mbili ya wakazi wote.

Kibarua hakuwa mtumwa: alikuwa na mshahara, na mkataba wake ulikuwa na mwisho. Hata hivyo maisha yake ya kila siku hayakuwa mbali sana na yale ya mtumwa. Asiyefika kazini siku moja alikatwa mshahara wa siku mbili. Baada ya mwaka 1867, aliyemaliza mkataba alipaswa kutembea na kitambulisho chenye picha yake, na akikutwa bila hicho aliweza kufungwa kama mzururaji. Mwaka 1871 mwenye shamba mmoja, Adolphe de Plevitz, aliwaandikia vibarua maombi ya malalamiko kwa gavana. Wenzake walimchukia mno, lakini London ilituma tume ya uchunguzi, ambayo iliona malalamiko hayo kuwa ya haki.

Mwishoni mwa karne ya 19 bei ya sukari ilishuka, na makampuni yakaanza kuuza vipande vya ardhi isiyo bora. Familia za vibarua zilizoweka akiba zilivinunua. Hapo ndipo lilipoanza tabaka la wakulima wadogo Wahindi, na watoto wao walisomeshwa wakawa walimu, mawakili na madaktari. Seewoosagur Ramgoolam, waziri mkuu wa kwanza, alikuwa mtoto wa kibarua aliyetoka Bihar.

Wafanyabiashara

Waislamu kutoka Gujarati walikuja kuuza nguo na nafaka mjini Port Louis. Wachina, hasa Wahakka, walifungua maduka vijijini. Huko waliwauzia vibarua mchele kwa mkopo uliolipwa baada ya mavuno. Wote walikuwa wachache, lakini biashara ya rejareja ilikuwa mikononi mwao kwa muda mrefu.

Athari katika siasa

Kwa muda mrefu kura ilikuwa ya wenye mali. Katiba mpya ya miaka 1947-1948 ilimpa kura kila mtu mzima aliyeweza kusoma na kuandika sentensi nyepesi katika lugha yoyote ya kisiwa, na wazao wa vibarua wakawa wengi bungeni. Kwa Wakrioli wengi, yaani wazao wa watumwa, jambo hilo lilileta hofu. Katika uchaguzi wa 1967 asilimia 44 hivi walipigia vyama vilivyopinga uhuru, na Januari 1968 mapigano kati ya Wakrioli na Waislamu katika Port Louis yaliwaleta askari Waingereza. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Machi 1968, huku maelfu wakihamia Australia na Ulaya.

Katiba ya uhuru iliwagawa raia katika jumuiya nne: Wahindu, Waislamu, Wamorisi wa asili ya China, na "umma wa jumla", yaani kila asiyeingia katika zile tatu. Katika fungu hili la mwisho wamo pamoja wazao wa watumwa na wazao wa waliowamiliki. Bunge huwa na wabunge 62 wa kuchaguliwa, na viti visivyozidi 8 huongezwa kwa walioshindwa kwa kura chache ili jumuiya zote ziwakilishwe. Sensa iliyotumika kwa hesabu hiyo ni ya mwaka 1972, kwa kuwa baadaye serikali iliacha kuwauliza watu jumuiya yao. Mwaka 2012 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikosoa sharti la mgombea kutaja jumuiya yake bila takwimu mpya.

Ardhi, majina na lugha

Mzao wa kibarua anaweza kwenda Taasisi ya Mahatma Gandhi huko Moka na kutafuta namba ya babu yake, meli yake, kijiji chake, na pengine picha yake. Karatasi zilizotungwa kwa ajili ya kumchunga zimekuwa urithi wa wajukuu. Mzao wa mtumwa kwa kawaida hukuta jina moja tu lililotolewa na bwana, na neno kama "Msumbiji", lililotaja bandari ya kupakiwa kuliko kabila lake. Kifo cha mwanamuziki Mkrioli Kaya akiwa kizuizini mwezi Februari 1999 kilizusha ghasia za siku kadhaa zilizoonyesha uchungu huo. Tume ya Ukweli na Haki iliyofanya kazi miaka 2009-2011 ilichunguza utumwa na kazi ya mkataba pamoja, na sehemu kubwa ya taarifa yake inahusu ardhi.

Lugha imechukua njia tofauti. Kikrioli, kilichozaliwa kati ya watumwa na mabwana Wafaransa, kinazungumzwa nyumbani na Wamorisi wengi sana wa asili zote, na kiliingia shule za msingi kama somo mwaka 2012. Sega, ngoma ya watumwa, huchezwa kwenye arusi za watu wa kila dini. Sikukuu za kitaifa ni pamoja na Idi, Krismasi, Divali, mwaka mpya wa Kichina, na tarehe mbili zenye kusimama kando: 1 Februari kwa watumwa, 2 Novemba kwa vibarua.

Wahamiaji wa sasa

Tangu viwanda vya nguo vilipoongezeka baada ya sheria ya mwaka 1970 iliyovipa nafuu ya kodi, Morisi imeajiri tena wafanyakazi kutoka nje: kwanza hasa Wachina, siku hizi Wabangladeshi, Wahindi, Wanepali na Wamalagasi. Wengi hulala katika mabweni ya waajiri, na mkataba ukiisha wanatakiwa kurudi kwao.